Kalibu za silikoni kwa vipuri vya treni za mfano: dalili, chanzo na tiba

Behewa la mizigo lenye bogi mbili, yaani fremu mbili za magurudumu, lina ekseli nne, na kila ekseli ina boksi la beringi upande huu na upande huu. Hayo ni maboksi manane kwa behewa moja. Ukiamua kuunda msafara wa mabehewa kumi ya East African Railways kwa kipimo cha 1:87, ambapo reli ya upana wa mita moja hushuka hadi milimita 12, tayari unadaiwa maboksi themanini yanayofanana, kila moja likiwa na upana wa milimita 4 hivi, pamoja na kifuniko na nati zake. Hakuna mkono unaoweza kuchonga themanini yakalingana. Ndiyo maana tunachonga kipande mama kimoja kwa uangalifu wote tulio nao, tunakimwagia silikoni tupate kalibu, kisha tunasubu nakala kwa rezini, plastiki ya majimaji inayoganda.

Wengi wanaokwama katika kazi hii hawakwami kwa uzito wa mkono. Wanakwama kwa sababu wanatibu ugonjwa ambao hawajaupima. Nakala ikitoka na matundu, wanabadilisha rezini. Matundu yakirudi, wanabadilisha silikoni. Fedha inakwisha na matundu yapo palepale. Nakala mbovu ina ushahidi mwingi kuliko maelezo ya kwenye chupa, ila sharti uisome kabla ya kubadili chochote.

Panga nakala mbovu mezani kwanza

Usizitupe. Chukua nakala nne au tano zilizotoka katika kalibu ileile, zilaze kwa mpangilio mmoja, uzitazame kwa lenzi chini ya taa ya pembeni. Jiulize swali moja: kasoro iko mahali palepale katika kila nakala, au inahama?

Kasoro isiyohama imo ndani ya kalibu, au imo katika kipande mama chenyewe. Hata ununue rezini bora kuliko zote, itanakili kasoro hiyo kwa uaminifu. Kasoro inayohama inatokana na uchanganyaji, umiminaji, joto au unyevu, na hapo kalibu yako haina kosa.

Swali la pili ni la umbo. Kinundu, yaani rezini iliyozidi mahali isipotakiwa, maana yake kulikuwa na kiputo cha hewa katika silikoni. Kiputo kiliacha shimo kwenye kalibu na rezini ikalijaza. Kitundu, yaani rezini iliyokosekana, maana yake hewa ilinaswa wakati wa kumimina rezini. Mafundi wengi huyachanganya mawili haya kwa sababu yote huitwa matatizo ya viputo, lakini tiba ya moja haigusi kabisa la pili.

Ukishajibu maswali hayo mawili, badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio. Ukibadilisha matatu kwa mpigo na nakala ikatoka safi, hutajua lipi lililokuponya, na wiki ijayo tatizo litarudi.

Silikoni haijaganda, au inanata

Silikoni za kutengenezea kalibu ziko za aina mbili kubwa, zinazoitwa kwa kichocheo chake, bati au platini, na kabla ya kutafuta chanzo lazima ujue unayo ipi. Aina ya bati huja na hadina (kigandisho) kidogo, mara nyingi gramu 10 kwa gramu 100 za silikoni, na nyingine huhitaji hata chini ya hapo. Aina ya platini mara nyingi huchanganywa nusu kwa nusu, ingawa zipo pia za 10 kwa 1. Ya bati ni nafuu na haichagui sana kipande mama, lakini husinyaa na huzeeka mapema. Ya platini haisinyai kwa kiasi cha kuonekana na hudumu miaka, ila ni rahisi sana kutiwa sumu, yaani kuzuiwa isigande na kemikali nyingine.

Sasa tazama inanata wapi.

Ikiwa inanata kote, kwanza shuku vipimo. Kijiko si kipimo. Tumia mizani ya dijiti inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ile ya sonara au ya kupimia viungo, na usome lebo kama uwiano ni wa uzito au wa ujazo. Katika silikoni ya bati, hadina ikipungua mgando huchelewa. Ikizidi hukaza upesi, lakini kalibu huwa dhaifu na husinyaa zaidi. Katika ya platini, kuzidisha sehemu moja hakuharakishi chochote, kunaharibu mchanganyiko tu. Kama vipimo ni sahihi, hadina inaweza kuwa imezeeka. Chupa iliyofunguliwa muda mrefu na kuachwa bila kizibo madhubuti haiaminiki tena.

Ikiwa inanata kwa mistari au vidimbwi huku sehemu nyingine zimekaza vizuri, hukukwangua kingo na kitako cha chombo. Silikoni iliyong'ang'ania pembeni mwa kikombe haikukutana na hadina, na ulipomimina ilitiririka mwisho na kutua juu ya kazi. Dawa ni vikombe viwili: changanya katika cha kwanza, mimina yote katika kikombe cha pili kisafi, changanya tena, kisha mimina kwenye kisanduku kinachozunguka kipande mama. Usikung'ute kikombe kukamua tone la mwisho. Tone hilo ndilo lenye shida.

Ikiwa inanata pale tu inapogusa kipande mama, na kwingine kote imekaza, hiyo ni silikoni ya platini iliyotiwa sumu. Salfa ndiyo adui namba moja, na imo katika baadhi ya plastisini na katika glovu za mpira wa asili. Mabaki ya silikoni ya bati nayo huzuia platini kuganda, kwa hiyo kijiti na kikombe vilivyotumika kwa moja visiguse nyingine. Vipande vilivyochapwa kwa printa ya rezini ya mwanga ndio wakosaji wakubwa siku hizi: vinaonekana vikavu, lakini ndani bado vinatoa kemikali. Vioshe vizuri kwa pombe ya isopropili, vianike kwenye mwanga wa UV au jua kali, vipashe kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 60 kama havipindi, kisha vipulizie vanishi ya akriliki. Hata hivyo jaribu kwanza: weka tone la silikoni mahali pasipoonekana na usubiri. Kwa kipande kilichochapwa ambacho kina thamani kwangu, nachagua silikoni ya bati bila kusita. Kipande mama kilichoundwa kwa plastiki ya polistareni kwa kawaida hakina shida na aina yoyote kati ya hizo mbili.

Kuna pia silikoni ya bomba inayouzwa madukani kwa ajili ya madirisha na masinki, ile inayonuka siki. Wengi hujaribu kuijaza kwenye kisanduku na baada ya siku kadhaa wanakuta ndani bado ni majimaji. Haijaharibika. Inakaza kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Ukiikanda na wanga wa mahindi inakuwa donge linalokaza haraka, nawe unaweza kulikandamizia kipande mama. Yafaa kwa magunia ya mzigo, mawe, au marundo ya makaa. Kwa nati za milimita nusu haifai. Hainakili kwa uaminifu huo.

Vinundu palepale kila mara

Hiki ni kiputo kilichoganda kwenye uso wa kipande mama. Hujificha penye pembe za ndani: chini ya kifuniko cha boksi la beringi, kati ya majani ya springi, nyuma ya mpini wa breki. Silikoni ni nzito na mvivu. Ukiimwaga yote kwa mkupuo inafunika hewa badala ya kuisukuma.

Kwa vipuri vidogo, tiba bora haina mashine. Chukua brashi laini ya rangi, upake silikoni kidogo juu ya kipande mama huku ukiisukuma ndani ya kila kona, kisha uipulize taratibu ili itanuke na kuachia hewa. Baada ya hapo mimina iliyobaki kutoka juu, kwa uzi mwembamba, kwenye pembe moja ya kisanduku pasipo na kitu, uiache ipande yenyewe hadi ifunike kazi. Uzi mwembamba huvunja viputo vikubwa vikiwa bado hewani.

Mwenye uwezo ataongeza chemba ya kuvuta hewa. Pampu wanayotumia mafundi wa friji na viyoyozi inatosha kabisa. Chombo cha silikoni kiwe na nafasi ya mara nne ya ujazo wake, kwani itaumuka, itafika kilele, kisha itaanguka. Iache dakika mbili zaidi baada ya kuanguka. Usitumie mtungi wa kioo wa kawaida kama chemba. Mtungi ukishindwa kuhimili mgandamizo wa hewa ya nje unapasukia ndani na vipande vinaruka.

Hapa kuna jambo linalowasumbua bure wenzetu wa nyanda za juu. Maelekezo mengi yanasema geji ifike inchi 29 za zebaki. Aliye Mombasa au Dar es Salaam ataikaribia. Aliye Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hataifikia kamwe; sindano itasimama kwenye 24 hivi, naye atadhani pampu mbovu au chemba inavuja. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje, na hewa ya nje ya Nairobi ni nyepesi tayari. Ndani ya chemba ombwe ni lilelile. Tazama silikoni: ikiumuka na kuanguka, kazi imefanyika.

Ipo aina moja ya kinundu inayopotosha kuliko zote. Nakala zilikuwa safi ulipokuwa ukimimina wazi. Ukaanza kusubu ndani ya chungu cha mgandamizo, yaani chombo kinachojazwa hewa kwa nguvu, na ghafla vinundu vya mviringo vimejitokeza. Chanzo ni viputo vilivyofichika ndani ya silikoni, chini kidogo ya uso. Mgandamizo unavibonyeza, ukuta wa kalibu unazama, rezini inajaza bonde. Kalibu hiyo haitibiki. Itumie bila mgandamizo, na inayofuata ama uivute hewa, ama uiache igande ndani ya chungu hichohicho kwa mgandamizo uleule utakaotumia kusubu.

Vitundu na kona zisizojaa

Ikiwa kona ileile ndiyo isiyojaa kila mara, hewa haina njia ya kutokea hapo. Kanuni haina siri: rezini inashuka, hewa inapanda. Sehemu yoyote ya kipuri iliyo juu kuliko njia ya kutokea ni mtego. Geuza mkao wa kipuri katika kalibu inayofuata, au kata mfereji mwembamba kwa kisu chenye ncha kali kutoka kwenye kona hiyo hadi nje. Kwa kalibu ya vipande viwili, afadhali rezini iingie kutoka chini na kupanda, ikifukuza hewa mbele yake hadi kwenye matundu ya juu.

Kwa kalibu ya wazi, yenye mgongo bapa, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa maboksi ya beringi, fanya hivi: nyunyiza poda ya mtoto isiyo na mafuta ndani ya kalibu, kung'uta yote isibaki ila ukungu, kisha mimina. Poda huivuta rezini iingie kwenye vijishimo vya nati badala ya kukataa na kujikunja. Halafu tumia kijiti cha meno cha plastiki au waya mwembamba kuchokoa kila kona. Funika kwa karatasi ya plastiki ngumu, ukianza upande mmoja na kulaza polepole hadi upande wa pili, ili hewa isukumwe nje na mgongo utoke bapa.

Ikiwa vitundu vinahama, umechanganya kwa pupa. Kijiti kizunguke kwa kukwangua, kisipige. Rezini nyingi za poliuretani hukupa dakika mbili au tatu tu kabla ya kuanza kuwa nzito, na hofu ya muda huo ndiyo huwafanya watu wapige mchanganyiko kwa nguvu. Panga kalibu zote mbele yako kabla hujagusa chupa, nawe utakuwa na muda wa kutosha.

Chungu cha mgandamizo, chenye hewa ya psi 40 hadi 60, hakiondoi viputo. Kinavibana hadi visionekane. Kiwe chungu kilichothibitishwa kwa mgandamizo huo, chenye vali ya usalama. Sufuria ya kupikia isigeuzwe kuwa chungu cha kazi hii.

Rezini inaumuka na kutoka povu

Tatizo hili linawapata zaidi watu wa pwani, na linastahili maelezo marefu kwa sababu watu wa Tanga, Unguja na Lamu hulilaumu duka lililowauzia.

Dalili zake ni dhahiri. Rezini inapanda na kufurika mdomo wa kalibu kama unga wa mandazi. Ukikata nakala unakuta vitundu vidogo vingi vimeenea mwili mzima, si kwenye kona tu. Nakala ni nyepesi na inavunjika kirahisi.

Chanzo ni maji. Poliuretani ina sehemu mbili, na moja kati ya hizo ni isosianati, ambayo ikikutana na maji hutoa gesi ya kabonidioksidi. Kiasi kidogo sana cha maji kinatosha. Sehemu ya pili, ile ya polioli, hunyonya unyevu kutoka hewani kila unapoifungua. Kwa hiyo chupa iliyokuwa nzuri mwezi uliopita inaweza kuleta povu leo bila wewe kukosea lolote.

Tafuta maji kwa mpangilio. Anza na vyombo: vikombe vya karatasi na vijiti vya mbao vina unyevu ndani yake, hivyo tumia vya plastiki. Kisha kalibu: je, uliiosha jana ukaiacha dirishani? Ipashe kwenye nyuzi 50 au 60 kwa saa moja, iache ipoe kidogo, mimina ikiwa bado na uvuguvugu. Halafu poda, kama imekaa bafuni. Halafu rangi ya kutia ndani ya rezini: yoyote yenye maji haifai. Mwisho ndiyo chupa yenyewe.

Kuipima chupa ni rahisi. Changanya gramu chache katika kikombe kikavu cha plastiki, usimimine popote, uitazame. Ikiganda bila povu, rezini ni nzima na maji yako katika kalibu au poda. Ikiumuka humohumo kikombeni, chupa imeingia unyevu. Sehemu ya isosianati ikiwa imeota ngozi juu au chembe ngumu, usijaribu kuiokoa.

Kwa anayeishi pwani, ushauri wangu ni wa mkazo: nunua chupa ndogo hata kama kubwa ni nafuu kwa hesabu ya lita. Fungua, mimina, funga papo hapo. Usiache kizibo mezani ukichanganya. Hifadhi chupa ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika jeli. Fanya kazi mchana mkavu wa kaskazi badala ya siku za masika, au ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Na kama haya yote hayawezekani, hamia epoksi. Inachukua saa 24 badala ya dakika 15, lakini unyevu wa hewa haiuogopi kwa kiwango hicho, inatiririka vizuri kwenye vipuri vyembamba, na viputo vina muda wa kupanda vyenyewe. Mtu wa pwani mwenye subira na epoksi hupata nakala safi kuliko mtu mwenye poliuretani iliyoingia maji.

Isosianati si ya kuchezea. Mvuke wake unaweza kumletea mtu pumu itakayomrudia kila akiikaribia. Fungua madirisha, vaa glovu za nitraili, na usisubu chumbani wanapolala watoto. Unaposugua nakala kwa msasa, tumia maji ili vumbi lisiruke.

Nakala ni laini, inanata, au imepinda

Ukichanganya gramu 5 kwa jumla na mizani ikakosea nusu gramu, umekosea kwa asilimia 10, na hilo linatosha kuharibu mgando. Kosa hilohilo katika gramu 40 ni kidogo zaidi ya asilimia 1. Usichanganye kiasi kidogo kwa kubana matumizi. Tengeneza kalibu nyingi ili kila mchanganyiko ujaze vipuri kadhaa kwa pamoja. Na kumbuka kwamba pande mbili za rezini haziwi na uzito sawa kwa ujazo sawa. Lebo inaweza kusema 1 kwa 1 kwa ujazo, lakini 100 kwa 90 kwa uzito.

Ikiwa sehemu nene imekaza na sehemu nyembamba ni laini, vipimo havina kosa. Rezini hukaza kwa joto inalolizalisha yenyewe, na ngazi ya behewa yenye unene wa nusu milimita haizalishi joto la kutosha. Ipashe kalibu kabla ya kumimina, na uache nakala ndani muda mrefu zaidi ya ilivyoandikwa.

Iliyopinda ilitolewa mapema. Itumbukize katika maji ya moto, nyuzi 60 hadi 70, inyooshe juu ya kioo, uishike hadi ipoe. Kwa kawaida hutulia hapo.

Kalibu imegandana, au imeng'ang'ania kipande mama

Silikoni hushikana na silikoni kuliko na kitu kingine chochote. Nusu ya pili ya kalibu ikimwagwa juu ya ya kwanza bila kitenganishi, zitakuwa donge moja. Paka mafuta ya mgando yaliyolainishwa kwa white spirit, kwa brashi, tabaka jembamba mno, hasa ndani ya vishimo vya kulinganishia. Yakizidi utaona michirizi ya brashi kwenye kila nakala. Likishatokea donge, tafuta mstari wa maungio kwa wembe, ukate kwa milimita chache huku ukivuta; mara nyingi kipande mama hupona.

Silikoni pia hushika kioo na vigae. Kitako cha kisanduku kiwe plastiki au ubao uliopakwa nta. Kipande mama cha mbao au plasta kizibwe vinyweleo kwa vanishi kwanza.

Utando mnene na nusu zisizolingana

Rezini ikivuja kati ya nusu za kalibu na kuacha utando, mara nyingi sababu ni mipira ya kufungia. Ikikazwa moja kwa moja juu ya silikoni, kalibu inajikunja katikati na kufunguka pembeni. Weka kipande cha ubao au akriliki kila upande, halafu mpira mmoja au miwili tu. Kama nusu zinateleza, vishimo vya kulinganishia ni vichache au vifupi. Viwe angalau vinne, vyenye kuta za mteremko, na kimojawapo kikae tofauti ili usiweze kufunga kalibu kinyume.

Nakala ni ndogo, au haikai upande wa pili

Silikoni ya bati ikisinyaa nusu asilimia, boksi la milimita 4 linapoteza milimita 0.02. Hakuna jicho litakalojua. Lakini ubavu wa behewa la mita 12, ambao kwa 1:87 ni milimita 138 hivi, unapoteza karibu milimita 0.7, na hapo pembe za behewa hazikutani tena na sakafu uliyokata kwa plastiki. Kwa vipande virefu tumia platini, au ongeza urefu wa kipande mama tangu mwanzo. Usisubu nakala kutokana na nakala. Msinyao hujilimbikiza, na ncha za nati hufifia.

Kutokaa upande wa pili ni jambo jingine kabisa. Kalibu hainakili taswira ya kioo. Kipuri chenye kushoto na kulia kinahitaji vipande mama viwili. Kwa anayeunda Garratt za daraja la 59, vichwa vya treni vya mvuke vyenye injini moja mbele na nyingine nyuma, zile 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester na kupewa majina ya milima, kuna nafuu kidogo: injini ya nyuma kwa sehemu kubwa ni ile ya mbele iliyogeuzwa, kwa hiyo kipuri cha kushoto mbele ndicho cha kulia nyuma. Vipande mama viwili vinalisha pembe zote nne. Mwenye shaka akaitazame Mount Gelai, namba 5918, kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Azunguke akiwa na kamera na rula kabla ya kuchonga.

Na tunaponakili, tunakili kazi ya mikono yetu. Kipuri alichochonga mwingine na kukiuza ni riziki yake. Kukitoa nakala na kuziuza ni kumnyang'anya.

Kalibu inachanika au nakala hazitoki

Kila nakala ya poliuretani inakula silikoni kidogo. Uso unakauka, unapoteza ulaini, rezini inaanza kushika, na siku moja kipande cha kalibu kinatoka pamoja na nakala. Kalibu huzaa nakala makumi kadhaa, na huongezeka ikipakwa kitenganishi, ikipumzishwa kati ya misubo, na nakala zisipoachwa humo usiku kucha. Rezini ya poliesta ya mafundi wa faiba inaila haraka zaidi. Ikiwa kalibu changa inachanika, silikoni ni ngumu mno kwa umbo lako: vipuri vyenye makato ya ndani huhitaji ugumu wa 15 hivi kwa kipimo cha mpira kiitwacho Shore A (namba ndogo ni silikoni laini), vilivyo bapa vinavumilia 25 hadi 30. Acha ukuta wa sentimita moja kuzunguka kazi.

Rangi inabanduka

Ni kitenganishi kilichobaki juu ya nakala. Sugua kwa mswaki na sabuni ya vyombo katika maji ya uvuguvugu, suuza, anika, kisha futa kwa pombe ya isopropili na usiguse tena kwa vidole vitupu. Pulizia praima ya plastiki kabla ya rangi yenyewe. Kama bado inabanduka baada ya hayo, bonyeza nakala kwa ukucha: ikiacha alama, haijakaza hadi ndani, na rangi haitashika mpaka uipashe kwenye nyuzi 50 kwa saa kadhaa.